Kutoka Lango la Munzenze Hadi Rejesta ya Vizazi

Goma kuna simulizi moja ambayo karibu kila mtu mzima anaijua. Zamani, inasema, enzi za Wabelgiji, mtoto mwizi hakutiwa gerezani. Alipelekwa kwenye nyumba ya malezi, akashikishwa jembe na randa, akarudi kwao akiwa mtu wa maana. Siku hizi mtoto huyohuyo ama anatupwa katika gereza la Munzenze pamoja na majambazi, ama anaachiwa kwa jina la haki za watoto, na mzigo unawaangukia wenye maduka wa mtaa wa Birere. Nimeisikia kwa motari, dereva wa pikipiki, nimeisikia msibani, nimeisikia kwa watu waliosoma. Inasimuliwa kwa maneno yaleyale kila mara, na hilo ndilo lililonitia shaka. Nani hasa aliiona nyumba hiyo kwa macho yake?

Nilianza na wazee, kwa sababu simulizi ni yao. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine. Huyu aliambiwa na baba yake, yule na mjomba aliyekuwa karani. Nilipobana zaidi, nyumba ikaanza kuhama: mara iko Goma, mara iko upande wa Bukavu, mara iko mbali huko magharibi ya nchi. Kuhama huko kunaeleweka ukikumbuka Goma ya wakati ule ilikuwa nini. Miaka ya 1950 ilikuwa poste ndogo kando ya ziwa, jirani ya Kisenyi, na mambo ya jimbo yaliamuliwa Bukavu. Mwaka 1988 ndipo Kivu ya zamani ilipogawanywa, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Poste ya namna ile haikuwa na sababu ya kujengewa nyumba ya kurekebisha watoto. Je, kama nyumba haikuwa hapa, sheria iliyoizaa simulizi ilikuwa inasema nini?

Sheria ipo. Ni dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 kuhusu watoto wakosaji, na yeyote anayetaka kubishana juu ya jambo hili aisome polepole. Ukoo wake ni mrefu. Chicago ilianzisha mahakama ya kwanza ya watoto mwaka 1899, Ubelgiji ikapata sheria yake ya kulinda watoto tarehe 15 Mei 1912, na koloni likangoja karibu miaka 40 zaidi. Dekreti ile inampa jaji njia kadhaa badala ya kifungo: kumkaripia mtoto na kumrudisha kwa wazazi, kumweka kwa mtu mwaminifu au kwenye shirika la hisani au la mafunzo, au kumkabidhi kwa serikali awekwe katika nyumba yake ya ulinzi na elimu. Hapo wazee wana haki. Nyumba yao ilikuwepo kwenye karatasi. Lakini wavu wa dekreti hiyo ulitupwa kwa nani?

Vifungu vya mwanzo ndivyo vilivyonisimamisha. Kabla ya kumtaja mtoto aliyevunja sheria ya jinai, dekreti inamtaja anayeombaomba, anayezurura, anayecheza kamari, na yule ambaye wazazi wake wameshindwa na utovu wake wa nidhamu. Wote wanaletwa mbele ya jaji mmoja. Tena hiyo ni miaka ambayo Mkongo hakuweza kuhamia mjini bila kibali. Kijana aliyesimama sokoni bila kazi na bila karatasi alikuwa kesi tayari, hata kama hajagusa ndizi ya mtu. Kwa hiyo ninapoambiwa barabara zilikuwa salama, sibishi. Nauliza zilikuwa salama kwa njia gani: wezi walirekebishwa, au vijana waliondolewa tu mahali wanapoonekana?

Njia inapinda mwaka 1978. Tarehe 4 Julai mwaka huo dekreti ilibadilishwa, na umri ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 16. Kijana wa miaka 16 au 17 akawa mtu mzima mbele ya jaji wa jinai. Zaire, jina la Kongo wakati huo, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwezi Septemba 1990, mkataba unaomtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, lakini mstari wa 16 ukaendelea kutumika katika kesi. Kwa karibu miaka 30, basi, waliopita karibu na Munzenze wakaona watoto ndani walikuwa wakiona watu ambao sheria iliwaita wazima. Kumbukumbu za mji na vitabu vya mahakama vilihesabu watu walewale kwa vipimo viwili. Vitabu hivyo vyenyewe viko wapi?

Hapo nikagonga ukuta. Goma haitunzi karatasi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikameza eneo la biashara na kuingia ziwani. Miaka kumi baadaye mji uliingia mikononi mwa waasi, na Januari 2025 ikawa hivyo tena, safari hii gereza lenyewe likaungua. Anayetafuta rejesta ya watoto waliofungwa Goma mwaka 1985 anatafuta kitu ambacho moto umekifuata mara nyingi. Kilichobaki ni taarifa za watu wa nje, na taarifa hizo hazikubaliani. Nyingi zinasema Munzenze ilipaswa kubeba watu 350. Kuhusu waliokuwemo kabla ya Januari 2025, moja inasema 3,000 na nyingine inapita 4,000. Nikichukua hiyo ndogo, bado ni zaidi ya watu wanane katika nafasi ya mmoja. Kanuni za magereza za tarehe 17 Septemba 1965 zinataka wafungwa wadogo wakae sehemu yao peke yao. Katika msongamano wa namna hiyo, sehemu ya watoto inalindwa na nini?

Simulizi ya pili ni ya wafanyabiashara, na ina hasira zaidi. Inasema majaji na sheria za watoto ndio wanaofungua mlango. Birere utaisikia kwa Kiswahili cha hapa: banamufunga leo, kesho ushamuona njiani. Niliamua kuipima kwa njia rahisi, kwa kuorodhesha siku ambazo lango la Munzenze lilitikiswa au kufunguka kwa wingi. Juni 2009 wafungwa walijaribu kutoroka, na katika ghasia hizo wanawake waliokuwa kifungoni wakabakwa. Novemba 2012, mji ulipobadilika mikono, walitoka watu wapatao 1,200. Tarehe 27 Januari 2025 walitoka wapatao 4,000. Siku hiyo ya mwisho siwezi kuipita kwa haraka. Umoja wa Mataifa ulisema baadaye kwamba wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafa katika moto ulioteketeza upande wao. Walikuwemo waliokuwa na watoto wadogo. Hao ni raia waliokuwa chini ya ulinzi, na usalama wa umma ulipaswa kuwafikia wao pia. Ni hati ya jaji gani iliyofungua lango siku hizo?

Hakuna. Mara zote mbili lilipofunguka, lango lilifunguliwa na vita. Maelfu walitoka bila faili, bila afisa wa ustawi wa jamii wa kuwafuatilia, bila mzazi wa kuwapokea, na hakuna aliyejua nani kati yao alikuwa mwizi wa simu na nani alikuwa muuaji. Mwenye duka anapotaja huruma ya sheria, anataja mlango mdogo ambao watu wamepita mmojammoja, na anasahau lango ambalo umati mzima umepita kwa saa chache. Bado nisimjibu kwa haraka. Hofu yake imetoka wapi, kama si kwa mtu aliyeingia dukani kwake usiku?

Mama anayeuza vitenge Birere hana bima. Bidhaa yake ni mkopo wa kikundi, na ikichukuliwa, watoto wake hawarudi shule. Kwake haisaidii kuambiwa kwamba aliyechukua alikuwa na miaka 15. Katika miezi iliyofuata Januari 2025 wizi wa kutumia silaha uliwachosha watu wa Goma, wakati mahakama za serikali zilikuwa hazifanyi kazi na silaha zilikuwa zimezagaa, na makundi ya wananchi yakaanza kuwaua washukiwa barabarani. Umati wenye mawe na matairi hauulizi mtu alizaliwa mwaka gani. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na ndugu zangu watetezi wa watoto wanaomwacha mama huyu nje ya hesabu. Mji ukikosa imani na kufuli, hukumu inahamia njia panda, na wa kwanza kuangukiwa ni maibobo, mtoto wa barabarani ambaye hana wa kusema huyu ni wangu. Sheria inampa nini huyo mama, na inampa nini huyo mtoto?

Kwa mama, jibu moja ni la zamani kuliko mji. Kanuni ya kiraia ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 260, inamwajibisha mzazi kwa hasara iliyosababishwa na mtoto wake anayeishi naye. Ni kifungu kizuri pale ambapo mzazi yupo. Mtoto aliyeingia Goma peke yake kutoka Masisi au Rutshuru, wazazi wameuawa au wametawanyika, atalipiwa na nani?

Jibu jingine ni la tarehe 10 Januari 2009. Siku hiyo Kongo ilipata Sheria nambari 09/001 ya kumlinda mtoto, na mstari wa umri ukarudi 18, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imekwisha kusema. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mkosaji wa jinai kwa namna yoyote. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18 anapelekwa mbele ya mahakama yake mwenyewe, mahakama ya watoto, ambayo sheria inaitaka katika kila mji na kila teritwari. Maombaomba na wazururaji wakatolewa katika wavu ule wa 1950. Sasa wanahesabiwa watoto wenye shida, wanaohitaji ulinzi. Hukumu ya kifo na kifungo cha maisha vikakatazwa kwa mtoto. Upatanishi kati yake na aliyemkosea ukapewa sura yake. Jaji anaweza kumkaripia na kumrudisha nyumbani, kumweka kwa wanandoa wenye mwenendo mwema au kwenye taasisi iliyoidhinishwa, kumpeleka kwenye matibabu, au kumweka katika nyumba ya marekebisho. Watu wengi Goma wanaiita sheria ya kuachilia. Je, wameisoma?

Nimeisoma kifungu kwa kifungu nikitafuta kuachilia huko, na ninachokikuta ni kazi. Anahitajika afisa wa ustawi wa jamii wa kwenda kuuliza nyumbani na shuleni. Zinahitajika familia za kupokea watoto, na nyumba ambayo si gereza, yenye mwalimu, fundi na chakula. Majaji wa watoto walipatikana; baada ya dekreti za mwaka 2011 Goma nayo ikawa na mahakama yake. Lakini kwa miaka iliyofuata watoto wenye kesi waliendelea kuonekana nyuma ya ukuta uleule wa Munzenze. Jaji ambaye hana nyumba ya kumpeleka kijana amebakiwa na mambo mawili, kumrudisha barabarani au kumpeleka gerezani, na yote mawili yanamwogopesha mama wa Birere. Kwa hiyo mtu anaposema marekebisho yamejaribiwa Goma na kushindwa, namwuliza: yalijaribiwa katika nyumba ipi?

Mahali pengine yamejaribiwa, na matokeo yanaweza kuchunguzwa. Jimbo la Missouri huko Marekani lilikuwa na shule kubwa ya kurekebisha vijana Boonville, yenye sifa mbaya ya vipigo. Mwaka 1983 iliachwa, na vijana wakapelekwa katika nyumba ndogo zilizotawanywa jimboni, karibu zaidi na jamaa zao. Majimbo mengine yalikuja kujifunza hapo. Nchi hiyohiyo ilijaribu pia njia ya vitisho: tangu miaka ya 1970 vijana walitembezwa ndani ya magereza ili waogope. Walipolinganishwa na wenzao ambao hawakupelekwa, waliotishwa ndio waliorudia makosa zaidi. Karibu na sisi, Tanzania ina shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, na Uganda ina kituo cha Kampiringisa, wilaya ya Mpigi. Na hapa Goma penyewe, Don Bosco Ngangi imefundisha useremala, uashi, kuchomelea na kushona kwa watoto ambao wengine waliwahi kushika bunduki. Ngangi si gereza wala haikusudiwi kuwa gereza, lakini inabomoa dai kwamba kijana wa Goma hafundishiki. Mbona basi simulizi ya jembe na randa bado inaelekezwa mbali?

Siku hizi inaelekezwa Kaniama Kasese, Haut-Lomami, kwenye mashamba ya Huduma ya Taifa, ambako vijana waliokamatwa Kinshasa kwa ukuluna, yaani ujambazi wa magenge, wamepelekwa kulima na kujenga. Watu wanaonyesha picha za mahindi na kusema nyumba ya zamani imerudi. Sina neno baya juu ya kilimo. Kijana aliyejifunza kujenga ukuta ulionyooka amepata kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya. Ila mtafiti aliyetoka kusoma dekreti ya 1950 anautambua wavu anapouona. Nani aliamua kila mmoja aende, kwa kosa gani, kwa muda gani, na nani alithibitisha kwamba aliyepanda gari amefikisha miaka 18?

Swali hilo la umri lilinirudisha Mashariki, kwa watoto wa vita. Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na ilihusu kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 kuwa wapiganaji huko Ituri. Kisheria, mtoto huyo ni mwathirika wa aliyemwandikisha. Kanuni ya mahakama za kijeshi ya Kongo, ya Novemba 2002, nayo inazikataza kuhukumu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo mwaka 2016 watetezi wa haki za binadamu walitoa taarifa ya watoto wasiopungua 29 waliokamatwa Mashariki kwa kushukiwa kuwa wapiganaji, wakashikiliwa Angenga, gereza la kijeshi lililo upande wa pili wa nchi. Wanajeshi waliowakamata waliona wapiganaji, na silaha mikononi mwa mtoto wa miaka 15 inaua sawa na nyingine. Siwezi kudai kwamba hatari haikuwepo. Lakini walijuaje nani ni mtoto na nani si mtoto?

Hapo nikaona kwamba kila njia niliyoifuata ilikuwa imeishia kwenye mstari mmoja wa faili: tarehe ya kuzaliwa. Ndiyo inayoamua mahakama, adhabu, na upande gani wa ukuta mtu atalala. Na Goma mstari huo mara nyingi hujazwa kwa kukisia, ndani ya kasho, yaani mahabusu ya polisi, na mtu anayetazama ndevu. Kadi ya mpiga kura imekuwa kitambulisho cha Mkongo wa kawaida kwa miaka mingi, na imefahamika kwamba wapo wadogo wanaojiongezea miaka ili waipate. Kijana wa miaka 15 anajiandikisha ana 18 ili apate namba ya simu au kazi ya kuendesha pikipiki. Siku akikamatwa, kadi hiyohiyo inatoa ushahidi dhidi yake. Asiye na karatasi yoyote anaweza kupigwa picha ya mifupa, na kipimo hicho kinaweza kukosea kwa miaka, wakati kinachobishaniwa ni mwaka mmoja. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2019 kwamba penye shaka mtoto apewe faida ya shaka hiyo. Ni sawa, lakini shaka hiyo ikizidi, jirani wa Birere naye ataanza kuamini kwamba kila jambazi anajiita mtoto. Karatasi inayoweza kuwanyamazisha wote wawili inatoka wapi?

Inatoka ofisi ya etasivili, inayoandikisha vizazi, kwenye komini, mbali kabisa na lango nililoanzia. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Wanawake wengi wa Masisi na Rutshuru walijifungulia kambini pembezoni mwa Goma, Kanyaruchinya na Bulengo, katika mahema, na Februari 2025 kambi hizo zikavunjwa na watu wakatawanyika. Watoto hao watatimiza miaka 15 kabla ya mwaka 2040 kumalizika. Wangapi watasimama mbele ya jaji, polisi au umati bila tarehe?

Uamuzi wangu baada ya safari hii ni huu. Wapo vijana wa miaka 17 ambao hawawezi kurudishwa mtaani kesho yake. Aliyeua au kubaka anahitaji mlango unaofungwa, na anayekataa hilo hajakaa na waliotendwa. Mlango huo uwe wa nyumba ndogo iliyo mbali na watu wazima, wenye faili la jaji na mwalimu ndani, na tarehe ya kuangaliwa upya. Walio wengi, wezi wa simu na wa mifuko ya mchele, wanahitaji fundi wa kuwasimamia na familia ya kurudi kwake. Hayo yote yaliandikwa mwaka 2009. Goma imejaribu gereza kwa vizazi vitatu na mara mbili limepasuka. Nyumba iliyoandikwa katika sheria haijawahi kupewa nafasi ya kushindwa.

Nawe msomaji, ukisikia kijana wa mtaani kwenu amekamatwa, nenda kwenye kasho ukaulize mambo mawili: ana miaka mingapi, na nani amethibitisha. Kama una mtoto mchanga, au jirani yako mkimbizi anaye, mwandikisheni. Wekeni nakala mahali pengine mbali na nyumba, maana Nyiragongo haijalala. Ndani ya siku 90 cheti cha kuzaliwa kinatolewa bure.